Majoka Mawili ya Darasa Letu

Mwaka ule kila darasa la shule yetu lilitakiwa kuwa na kiumbe hai cha kutunza. Agizo lilitoka kwa mwalimu mkuu, mama mchangamfu aliyependa sana kutoa maagizo, na kila mwalimu alilipokea kivyake. Darasa la jirani walipanda maharage kwenye vikopo, wakasema maharage nayo ni kiumbe hai, na hakuna aliyeweza kuwabishia. Darasa la mwisho wa korido walileta samaki. Sisi tukapata mjusi.

Nilikuwa msaidizi wa mwalimu kwenye shule moja ya binafsi huko Al Garhoud, Dubai, karibu sana na uwanja wa ndege, mahali ambapo mwalimu hujifunza kunyamaza katikati ya sentensi, ndege ikapita, kisha akaendelea kana kwamba hakukuwa na kitu. Watoto wetu walikuwa wadogo, wa umri wa kuanza kung'oka meno. Mwalimu wao, niliyemwita madam kama tunavyowaita wote huku, alikuwa mwanamke mrefu kutoka nchi ya baridi na kondoo, mpole, asiyepandisha sauti hata rangi ikimwagika kwenye zulia. Yeye alifundisha. Mimi nilifunga kamba za viatu, nilimenya machungwa, nilipeleka chooni, nilitafuta kofia zilizopotea. Siku niliyoajiriwa hakuna aliyeniambia kwamba kazi hiyo ingefika hadi kwa mijusi.

Natoka Tanga. Kwetu mjusi wa ukutani ni mpangaji wa kawaida, yeye juu, sisi chini, hatusemeshani. Lakini kinyonga ni habari nyingine. Nikiwa mtoto, kinyonga alionekana siku moja kwenye ua wa michongoma nyuma ya jiko letu, na familia nzima ikahamia kwa jirani mpaka jioni, pamoja na sufuria ya wali iliyokuwa haijaiva. Kenge hata sitaki kumzungumzia. Sasa huyu mjusi wa darasani alikuwa kana kwamba mtu amewachukua kinyonga na kenge akawachanganya, halafu akaongeza miiba shingoni ili kukamilisha kazi. Miiba hiyo ndiyo wenyewe walioiita ndevu.

Asubuhi alipoletwa, madam alimtoa kwenye sanduku la safari akamweka kwenye kasha la kioo lenye mchanga, gogo, na taa ya joto. Watoto walikaa kimya kwenye zulia kama walivyoelekezwa. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Sikumbuki kupanda. Nakumbuka tu kwamba niliwaona wote kwa juu, na kwamba kiti kilikuwa cha mtoto, kifupi, na kingetosha kuniokoa labda na sisimizi.

Msichana mmoja mwenye pengo la meno mawili ya mbele alinigeukia. "Miss," akasema kwa upole wa daktari, "anakula majani."

"Vizuri," nikasema. "Mwambie mimi si majani."

Alimwambia. Alikwenda kweli hadi kwenye kioo akamwambia.

Watoto walimpigia kura, wakampa jina refu la shujaa wa katuni ambalo ulimi wangu haukuliweza. Mimi nikamwita Mzee, kwa sababu ya ndevu, na kwa sababu alikaa chini ya taa yake macho nusu wazi, kama mzee anayesubiri chai. Nilipompigia simu mama yangu wikiendi ile, nilifanya kosa la kumweleza jina la aina yake.

"Darasani kwenu kuna nini?"

"Mjusi, mama. Wenyewe wanamwita joka lenye ndevu."

Nyuma ya mama nilisikia redio ikizimwa. "Joka," akasema.

"Ni jina tu. Ni mdogo, wa kubeba mkononi."

"Na watoto wamo humo humo?"

"Wamo. Wanampenda."

"Na wewe ndiye unayelilisha."

"Ndimi."

"Haya," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayeahirisha jambo mpaka atakapopata mashahidi. Siku chache baadaye shangazi alinipigia kutoka Korogwe. Alikuwa amesikia kwamba Waarabu wamenikabidhi nyoka nimnyonyeshe.

Lakini niseme kweli, Mzee peke yake hakuwa na shida. Madam aliweka sheria, na zilikuwa sheria nzuri. Anayemshika anakaa chini kwanza, miguu imekunjwa, ili akimwangusha asianguke mbali. Hashikwi kwa mkia. Habusiwi. Akishashikwa, kila mtu ananawa mikono kwa sabuni mpaka wimbo wa kunawa uishe, maana mijusi hubeba vijidudu vya kuharisha hata ikiwa wanaonekana safi. Watoto walinawa kwa bidii mpaka fundi wa shule akaja kuuliza sabuni yetu inakwenda wapi. Mimi nilikata majani. Mzee alipenda jarjir, lile jani chungu ambalo Waarabu hula na samaki, na kila asubuhi nililikata nyembamba na kumsogezea kwa koleo refu la kutolea mikate kwenye oveni, nililolinunua mwenyewe kwa ajili hiyo.

"Hang'ati," madam aliniambia.

"Najua, madam. Koleo ni kwa ajili yangu, si yake."

Hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa, na tangu siku ile aliniachia majani, akawabeba nyenje yeye mwenyewe. Nyenje walikuja wakiwa hai ndani ya kopo, wakilia, na hao ndio walionishinda kabisa. Mzee alikuwa akiwadaka kwa ulimi mbele ya darasa zima, na darasa zima likipiga makofi.

Basi tuliishi hivyo mpaka familia moja ya wazazi ikahama. Dubai watu huhama hivyo, mkataba unaisha, nyumba inafungwa, na vile visivyoingia kwenye makontena vinagawiwa. Wao walikuwa na mjusi wa aina ile ile, mdogo zaidi, wa rangi ya mchanga. Baba wa familia alimleta hadi ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na kasha lake la kioo, akasema wamesikia darasa letu lina mmoja, na huyu atakuwa rafiki yake. Mwalimu mkuu alifurahi, akapokea, akapiga picha. Sisi tuliambiwa baadaye.

Madam alipofika na kumwona yule mgeni alisimama muda mrefu akimtazama.

"Hawa hawakai pamoja," aliniambia kwa sauti ndogo. "Kwao kila mmoja hukaa peke yake. Hawana urafiki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na huyu mdogo hatujui kama ana maradhi. Atakaa stoo kwanza, mpaka daktari wa wanyama amwone."

Kwa hiyo Mgeni, maana ndivyo nilivyomwita, akawekwa stoo ya vifaa vya kuchorea, na taa yake na maji yake, amestarehe kabisa. Lakini stoo ile mlango wake ulikuwa na dirisha dogo, na watoto wana macho. Kufikia mapumziko ya saa nne walikuwa wamepanga foleni kuchungulia kwa zamu. Kufikia chakula cha mchana walikuwa wamekasirika.

Hapa inabidi nieleze ukutani kwetu kulikuwa na nini. Juu ya ubao kulikuwa na maneno makubwa ya rangi, yaliyokatwa na mimi mwenyewe kwa mkasi, yakisema kwamba sisi hushirikiana, sisi hugawana, hakuna anayeachwa peke yake. Muhula mzima ulikuwa wa hayo. Mtoto aliyenyang'anya mwenzake krayoni alikwenda kusimama chini ya maneno yale akayasoma. Tulikuwa tumewaimbisha. Na sasa wenyewe, watu wazima, tulikuwa tumemfungia mtu stoo.

"Kwa nini yuko peke yake?" aliuliza yule msichana wa mapengo.

Madam alichuchumaa. "Kwa sababu anapenda kuwa peke yake."

"Alisema?"

"Hasemi. Ila wanasayansi wamewachunguza."

Msichana alifikiri. "Mimi pia nikinuna huwa nasema napenda kuwa peke yangu," akasema. "Ila sipendi."

Ndege ilipita, ikamsaidia madam.

Jioni ile kikundi cha simu cha wazazi kilichemka. Sikuwa ndani yake, lakini madam alikuwamo, na asubuhi alinionyesha akiwa amechoka. Mama mmoja alisema mwanawe amelia wakati wa kulala. Mwingine aliuliza kama mnyama aliye stoo anapata hewa. Baba mmoja aliandika ujumbe mrefu kuhusu utangamano. Mwalimu mkuu akaja darasani mwenyewe, akiwa na tabasamu, akasema siku ya wazazi kutembelea shule inakaribia na ingekuwa jambo zuri sana wageni wakikuta majoka wawili katika kasha moja, chini ya yale maneno ya ukutani. Madam akamweleza yote, kwa utulivu, tangu joto hadi maradhi hadi kung'atana. Mwalimu mkuu alisikiliza kwa makini, na alipomaliza kusikiliza alisema, "Basi daktari akisema ni mzima, tutajaribu kwa asubuhi moja tu. Wewe utakuwepo."

Daktari wa wanyama akasema ni mzima. Daktari huyo huyo alisema pia wasiwekwe pamoja, lakini sehemu hiyo haikusafiri mpaka ofisini.

Siku yenyewe ilipofika nilivaa gauni langu zuri na mtandio wa rangi ya zambarau. Madam hakuwa na sura ya sherehe. Alipanga upya mawe na gogo ndani ya kasha la Mzee ili asilione kuwa ni lake, akaweka sahani mbili za majani pande mbili, akamtoa Mgeni stoo akamteremsha taratibu upande wa mbali. Kisha akavuta kiti akakaa mbele ya kioo, mikono magotini. Watoto walikuwa kwenye zulia. Wazazi kadhaa walikuwa wameshafika na kusimama nyuma, simu zimeinuliwa.

Mwanzo hakuna kilichotokea. Mzee alikuwa chini ya taa. Mgeni alikuwa kwenye kona. Halafu Mzee akainua kichwa, akaanza kukitikisa juu chini, juu chini, kwa nguvu, kama mtu anayekubali kila kitu kabla hakijasemwa.

"Anasema ndiyo," mtoto mmoja alitafsiri. Wazazi wakacheka kwa furaha.

Kule kwenye kona Mgeni akainua mkono mmoja wa mbele. Akauzungusha polepole hewani na kuushusha. Kisha akauinua tena. Sijapata kuona mnyama akipunga mkono, na nadhani hata wale wazazi hawakuwa wameona. Darasa zima likainua mikono likampungia. Wazazi wakapunga. Mwalimu mkuu aliyekuwa mlangoni akapunga. Na mimi, nisiwe mwongo, nilipunga pia.

"Anatusalimia," walisema.

"Hapana," alisema madam bila kugeuka. "Anamwambia mwenzake, tafadhali usinipige."

Mikono ikashuka mmoja mmoja.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mgeni, ambaye nadhani alikuwa na baridi, alikimbilia kwenye taa. Mzee akamwacha apite, akageuka, akapanda mgongoni kwake akalala juu yake kifudifudi, mwili mzima, akimfunika asipate joto. Nyuma yangu mama mmoja alisema "oh" kwa sauti ya mapenzi, na simu zote zikasogea karibu, maana kwa macho ya binadamu ilionekana wanakumbatiana. Nilimtazama madam. Rangi ilikuwa imemtoka. Nikatazama tena kwenye kioo na nikaona ndevu za Mzee zimevimba na kuwa nyeusi tii, kama zimepakwa wanja. Halafu akageuza kichwa, akamdaka Mgeni ncha ya mkia.

Watoto walipiga kelele kwa lugha zote walizokuja nazo shuleni. Madam akainua kifuniko, akatia mikono, akamshika Mzee kifuani na kumwinua. Mzee akauachia mkia, akabaki akitupa miguu hewani. Mgeni, aliyepata nafasi, akakwea gogo, akakwea ukingo, na akawa nusu ndani nusu nje ya kasha.

"Mchukue," madam aliniambia.

Nilitazama koleo langu. Lilikuwa mbali, karibu na sinki.

"Mchukue sasa, tafadhali."

Nilivua mtandio wangu nikamtupia, na nilipomfunika nikamwinua pamoja na mtandio, kama mtu anavyotoa sufuria ya moto jikoni. Alikuwa mwepesi ajabu. Nilitegemea ubaridi na utelezi. Nikakuta kitu kikavu, chenye uvuguvugu, kinachopumua kwa haraka. Alitoka kwenye mtandio kwa upande wa juu, akatembea hadi kifuani kwangu, akajibana chini ya shingo, na hapo akatulia. Kucha zake zilikuwa zimeshika nguo yangu. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua ili tusipumue wote wawili kwa wakati mmoja.

"Mpeleke kwenye kasha lake," alisema madam.

"Liko wapi?"

Tukatazamana. Kasha la Mgeni halikuwa stoo. Asubuhi ile fundi wa shule alikuwa amekuja akalichukua kwa amri ya mwalimu mkuu, akisema, "Yalla, hii inakwenda mapokezi." Mapokezi walitaka kitu kizuri cha kioo cha kuwekea maua.

Kwa hiyo nilitembea. Korido yetu ni ndefu, na asubuhi ile ilikuwa imejaa wazazi waliovaa vizuri, wakisoma picha za watoto ukutani. Nilitembea katikati yao mgongo umenyooka, kichwa wazi, mtandio mkononi, mjusi kifuani. Nilikuwa nikisema "karibuni, karibuni" kwa sababu ndilo neno tulilofundishwa kusema siku ile. Baba mmoja aliyevaa kanzu nyeupe alinipisha, akamtazama Mgeni, akanitazama mimi, akasema "mashallah," na nadhani alimaanisha. Bibi mmoja aliinama kuangalia kwa karibu akidhani ni kidani, mpaka kidani kilipofumba jicho.

Mapokezi nilikuta kasha limejaa maua ya plastiki. Niliyatoa kwa mkono mmoja, moja moja, nikayapanga sakafuni, na watu wakasimama kuangalia wakiamini ni sehemu ya ratiba. Mgeni hakutaka kutoka. Nilipojaribu kumwondoa alishika nguo zaidi. Ikabidi niiname juu ya kasha mpaka kifua changu kikaribie mchanga, na hapo akashuka mwenyewe, bila haraka, akakaa chini ya bango lililosema karibuni wote. Mtu mmoja alianza kupiga makofi na wengine wakafuata.

Jeraha la mkia lilikuwa dogo. Daktari alilisafisha, akasema litakauka lenyewe na ncha haitaota tena, na wala hakurudia alichokwisha kusema. Makasha yakawekwa mbali mbali, moja kila upande wa darasa. Lakini Mzee alikuwa akimwona Mgeni kupitia vioo viwili, na ndevu zikawa nyeusi tena, akatikisa kichwa mchana kutwa akaacha kula. Ikabidi tuweke kadibodi pande za makasha yote mawili. Watoto wakazipaka rangi. Wengi walichora mioyo. Mmoja alichora gereza.

Maana bado hawakuridhika. Walikuwa wameona mkia ukiumwa kwa macho yao, na hata hivyo walisema Mzee alihitaji kufundishwa, aende asimame chini ya yale maneno ya ukutani. Madam alieleza tena kuhusu jangwa wanakotoka, kwamba kule mmoja hukaa mbali na mwenzake na wanaridhika. Watoto walimsikiliza na nyuso zao hazikubadilika. Baadaye, nilipokuwa nikigawa machungwa, yule msichana aliniuliza mimi.

"Miss, wewe ungependa kukaa peke yako kwenye kioo?"

Sijui kwa nini nilijibu nilivyojibu. Nadhani nilikuwa nimechoka, na swali lilikuwa limeniuma.

"Mimi naishi mtaa wa Mankhool," nikasema, "chumba kimoja na wenzangu wanne. Kila mmoja ana kitanda chake, na kila kitanda kina pazia. Wenzangu nawapenda sana. Tunapika pamoja, tunakula pamoja. Lakini nikifunga pazia langu, hakuna anayelifungua. Hapo ndani ni kwangu. Mtu akija kunikalia kitandani kwangu nitakasirika, hata kama nampenda."

Madam alikuwa ameacha kuandika.

"Sasa sisi binadamu tunaweza kula pamoja, halafu tukafunga pazia," nikaendelea. "Mijusi hawa hawawezi ile sehemu ya kwanza. Wana pazia tu. Si wabaya. Wameumbwa hivyo."

"Ah," alisema msichana.

Ilikuwa imeingia. Niliiona inaingia, uso kwa uso, zulia zima. Halafu wakaanza kuuliza maswali. Anayekalia kitanda cha wenzake ni nani? Kuna anayekoroma? Anayekoroma yuko juu au chini? Nikajibu kwa uaminifu, kwa sababu nilikuwa nimefurahi kueleweka, na ningepaswa kuacha mapema zaidi.

Alasiri moja baadaye baba wa msichana yule alinisubiri getini. Alikuwa mtu wa suti, mwenye sauti ya chini, na alinivuta pembeni kwa heshima kubwa.

"Binti yangu amenieleza kuhusu makazi yako," alisema. "Kama kuna jambo lolote, hata la kisheria, mimi naweza kukuunganisha na watu."

"Jambo gani, sir?"

Alitazama kushoto na kulia. "Amesema kuna watu wanakukalia ukilala. Na wanakuuma." Akasita. "Sikuelewa vizuri habari ya mkia."

Ilinichukua muda kumweleza. Nilianza na kadibodi, nikarudi kwenye taa ya joto, nikafika kwenye pazia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kunihurumia. Mwishowe alinipa kadi yake hata hivyo.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mwenzangu wa kitanda cha juu, Mkenya kutoka Kisii, mlinzi wa hoteli moja pale pale mtaani, mwanamke asiyecheka haraka.

"Kwa hivyo mimi ndiyo ile lizard kubwa," akasema.

"Sikukutaja."

"Ulisema kuna mtu anakoroma kitanda ya juu. Huku juu nani mwingine analala, dada?"

"Walikuwa watoto wadogo."

"Watoto wadogo wako na wazazi. Na wazazi wanakuja kwa hoteli yetu kukula brunch. Sasa nitasimama hapo mlangoni, na mtu aniangalie ajue mimi naumanga watu."

Hakuninunia. Alifanya jambo baya zaidi. Kuanzia jioni ile, kila nilipopita karibu na ngazi ya kitanda chake alikuwa akinitazama kwa macho nusu na kutikisa kichwa juu chini, juu chini, polepole, bila neno. Wenzetu wengine walijifunza kujibu kwa kupunga mkono. Jambo hilo liliendelea kwa wiki nyingi, hata mbele ya wageni.

Shuleni mambo yalikwisha kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Kadibodi zilifanya kazi, lakini darasa lilikuwa dogo na makasha yalikula nafasi ya meza mbili, na fundi alisema soketi zetu haziwezi kubeba taa mbili za joto pamoja na kompyuta. "Khalas, madam," alisema, "mmoja lazima ahame." Mwalimu mkuu, ambaye tangu siku ya wazazi alikuwa hasemi sana habari za mijusi, aliuliza madarasa mengine. Wale wa maharage walikataa. Wale wa samaki walisema samaki wao wana wivu. Ndipo mtunza maktaba akajitokeza, bwana mmoja wa makamo kutoka Kerala, mkimya, aliyetumia siku zake kuwaomba watoto wasipige kelele. Alikuja darasani kwetu, akainama mbele ya kioo cha Mgeni, wakatazamana.

"Haongei?" aliuliza.

"Hata kidogo," alisema madam.

"Nitamchukua."

Walimpa kona penye jua la asubuhi, karibu na rafu za ramani. Watoto wetu waliruhusiwa kwenda kumwona wawili wawili, kwa kunong'ona, na walikwenda kwa adabu ambayo darasani hatukupata kuiona. Mgeni alinenepa. Mwisho wa mwaka alikuwa amempita Mzee kwa ukubwa, mkia wake ukiwa butu kidogo mwishoni. Mzee naye alirudi kuwa mtulivu, ndevu za rangi ya mchanga, macho nusu, anakula jarjir kutoka kwenye koleo, maana koleo sikuliacha.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Mgeni majani yake kila alasiri, kabla ya kupanda basi. Yeye sikumlisha kwa koleo. Nilikuwa nikifungua kifuniko, nikaweka kiganja kwenye mchanga, na akitaka akapanda, asipotaka akabaki. Siku nyingi hakutaka. Alasiri moja nilimkuta amelala chini ya taa yake, na mtunza maktaba amelala kwenye kiti chake, miwani ikiwa imeteleza hadi puani, wote wawili wakitazama upande mmoja. Niliweka majani bila kugusa kioo, nikavuta mlango taratibu mpaka ukashika, nikaenda kituoni.